Jina la Nani Litakaa Kwenye Chupa ya Bumula?

Bourbon, pombe kali ambayo Wamarekani wanajivunia kuliko zote, ni pombe ya mahindi. Sheria yao inataka mahindi yafike angalau asilimia 51 ya nafaka inayotumika, pombe ilazwe katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, na kazi yote ifanyike Marekani. Mkulima wa Kimaeti au Khasoko, kata za Bumula katika Kaunti ya Bungoma, akisomewa kanuni hiyo ataelewa nusu yake bila kufundishwa. Mahindi anayo, ingawa yake ni meupe na ya Kentucky ni ya njano. Kimea cha wimbi anajua kukiandaa. Kuchemsha pombe iliyochacha, kunasa mvuke wake na kuupoza ujikusanye tena ni kazi iliyozoeleka Bumula tangu enzi za mababu. Ila Kentucky kazi hiyo hujenga jina la ukoo, na Bungoma humletea mama wa watu askari mlangoni saa kumi za usiku.

Mwaka 2019 kampuni ya Beam Suntory ilitoa bourbon mpya iitwayo Legent. Walioiunda wakatajwa wazi. Mmoja ni Fred Noe, kizazi cha saba cha ukoo wa Jim Beam. Wa pili ni Shinji Fukuyo, mchanganyaji mkuu wa Suntory ya Japani. Noe alitengeneza bourbon kwa desturi ya kwao. Sehemu yake ikahamishiwa kwenye mapipa yaliyowahi kubeba divai nyekundu ya California, sehemu nyingine kwenye mapipa ya sheri, kisha Fukuyo akazichanganya na ile ya asili mpaka akaridhika na ladha. Kinywaji kikatoka na kilevi cha asilimia 47.

Ladha yake nawaachia wanaoinywa. Mimi natazama namna wawili hawa walivyokaa pamoja. Suntory ndiyo mwenye mali, maana iliinunua Beam mwaka 2014 kwa karibu dola bilioni 16. Ingeweza kumweka Noe nyuma ya pazia na kumtangaza mtu wake peke yake. Haikufanya hivyo. Aliyeleta fedha alikuja pia na ujuzi wake, akaukuta ujuzi wa mwenyeji, na majina yote mawili yakatangazwa kwa pamoja tangu siku ya kwanza.

Je, chang'aa, pombe kali yetu hiyo ya Bumula, inaweza kupata mshirika wa namna hiyo? Nasema inaweza, na Kaunti ya Bungoma inapaswa kuiandalia njia. Lakini mgeni akija na mkataba usiomtambua mpikaji kwa jina lake wala kumpa hisa, arudishwe alikotoka, hata akiwa na fedha nyingi namna gani.

Msimamo huo una historia. Septemba 10, 1919, katika mji wa Saint-Germain-en-Laye nchini Ufaransa, mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba kuhusu biashara ya pombe Afrika. Mkataba ulizuia kutengeneza pombe kali katika maeneo mengi ya bara hili, pamoja na kuingiza mitambo ya kuipika. Waliotia sahihi ni pamoja na Uingereza, Ufaransa, Marekani na Japani. Mwaka huohuo, kijana wa Kijapani aitwaye Masataka Taketsuru alikuwa Uskoti akijifunza kutengeneza wiski katika viwanda vya huko. Alirudi kwao, akashiriki kusimamisha kiwanda cha Yamazaki kilichoanzishwa na Shinjiro Torii mwaka 1923, na mwaka 1934 akaanzisha chake mwenyewe, kilichokuja kuitwa Nikka. Mjapani alipewa nafasi ya kujifunza, kukosea na kurekebisha kwa miaka 100. Mwafrika mwenye ujuzi wa aina hiyo aliandikiwa kosa la jinai. Sioni namna ya kuzungumza kwa haki kuhusu ubora wa chang'aa bila kuanzia hapo, kwa kuwa ufundi unaofanywa gizani hauwezi kukua.

Uhuru haukubadilisha mengi. Serikali ya Moi ilipiga marufuku pombe za kienyeji, na mwaka 1980 ikaja Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa. Marufuku haikuondoa hata sufuria moja. Iliwaingiza watu wawili katika biashara: anayechukua hongo ili asione, na anayeongeza sumu ili apate faida ya haraka.

Hapa lazima tueleze vizuri kinachoua watu, kwa sababu mjadala wetu wa pombe hukwama hapohapo kila msiba unapotokea. Mahindi, wimbi na sukari nguru vikichachuka hutoa methanoli kidogo sana. Vifo vya halaiki hutoka kwa methanoli ya viwandani, ambayo ni rahisi kupatikana na hutiwa kwenye pombe ili iwe kali bila gharama. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2000 mitaani Mukuru kwa Njenga, ambako zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe haramu iliyoitwa kumi kumi. Mei 2014 makumi ya watu walikufa Embu, Kiambu na kaunti jirani. Februari 2024 msiba ukafika Kirinyaga, na ikaripotiwa kwamba kilichonywewa kilitoka kwenye shehena iliyokuwa imeshikwa kama kielelezo cha kesi. Kila mara kilio hicho kilipozuka, msako ulifika hadi kwa mama pima, mpikaji na muuzaji wa pombe wa Bumula, ambaye hajawahi kuiona hiyo methanoli.

Mwaka 2010 nchi ilijaribu njia nyingine. Sheria ya Kudhibiti Vileo, iliyosukumwa bungeni na John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, ilifuta ile ya 1980 na kuruhusu chang'aa, mradi ifikie viwango na iuzwe ndani ya chupa ya glasi isiyopungua mililita 250. Kwenye karatasi, mpikaji wa Bumula alikuwa amefunguliwa mlango. Lakini hakuna aliyemwonyesha maabara ya kupima pombe yake, wala benki iliyokuwa tayari kumkopesha fedha za chupa na mtambo wa shaba. Sheria ilimwambia awe kiwanda asubuhi ya kesho. Akaendelea kupika kando ya mto.

Mwaka huohuo wa 2010, milimani Tennessee, kampuni ya Ole Smoky ilifungua milango baada ya sheria ya jimbo kulegezwa mwaka 2009. Inauza moonshine, pombe ya magendo ambayo watu wa milima hiyo waliipika kwa mahindi wakikimbizana na polisi kwa vizazi. Leo watalii hupanga foleni kuionja. Ukiweka mapishi ya babu wa Tennessee kando ya mapishi ya mama wa Siboti utapata tabu kueleza kwa nini mmoja anaitwa urithi na mwingine uhalifu.

Tennessee hiyohiyo ina somo jingine, na ndilo linalonifanya nisisitize suala la jina. Jack Daniel alifundishwa kupika wiski na Nathan Green, aliyejulikana kama Nearest, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa. Chupa zilizunguka dunia nzima kwa zaidi ya karne moja bila mnywaji kuambiwa hivyo. Kampuni ilianza kuisimulia habari hiyo hadharani mwaka 2016. Fedha ambazo ukoo wa Green ungepata kwa miaka yote hiyo hakuna anayeweza kuzirudisha.

Jirani yetu Uganda alitangulia katika njia hii. Katikati ya miaka ya 1960, serikali ilipitisha sheria ya enguli, pombe kali ya vijijini inayopikwa kwa ndizi, mihogo au miwa. Mpikaji alitakiwa apate leseni na auze enguli yake kwa kiwanda, nacho kiisafishe na kuitia kwenye chupa. Hapo ndipo ilipozaliwa Uganda Waragi, kinywaji kinachotambulika Afrika Mashariki yote na ambacho leo kiko mikononi mwa Uganda Breweries, kampuni iliyo chini ya East African Breweries (EABL). Wapo wanaouona mpango huo kuwa ushindi, na kweli upo ushindi ndani yake: pombe ya kijijini ilipata heshima na mnywaji akapata usalama. Lakini mpikaji alifanywa muuza malighafi. Hakupewa hisa. Hakuna chupa inayomtaja wala kukitaja kijiji chake. Na kwa kuwa leseni ilimkalia mbali, wengi walibaki nje ya sheria wakiendelea kuuza pombe ambayo kiwanda kilikuwa kimeshairithi jina lake.

Sisi wa Bumula tunaijua biashara ya namna hiyo kwa sababu tumeuza miwa. Mkulima aliyepeleka miwa kwenye kiwanda cha sukari cha Nzoia anafahamu maana ya kukabidhi mali yako kwenye mzani wa mwingine na kusubiri malipo miezi na miezi, huku bei ikipangwa kwenye meza usiyoiketia. Chang'aa ikiingia kiwandani kwa mpango huohuo, tutakuwa tumeongeza zao jingine la kucheleweshewa malipo.

Kuna hoja nzito dhidi ya jambo hili zima, na sitaipita juujuu. Utafiti wa kitaifa wa NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 uliiweka Magharibi mbele ya kanda zote kwa matumizi ya pombe, kwa asilimia 23.8. Nyuma ya takwimu hiyo kuna watoto waliokosa karo, wanawake waliopigwa na vijana waliozeeka kabla ya miaka thelathini. Makanisa yetu, Marafiki (Quakers) wakiwa mstari wa mbele, yamehubiri dhidi ya pombe tangu wamisionari wao walipofika Kaimosi mwaka 1902, na yanaona wazi kile ambacho mwanauchumi hukisahau. Wako pia watakaouliza kwa nini mahindi yageuzwe pombe katika nchi inayoagiza mahindi kutoka nje.

Nayachukua maswali hayo kwa uzito, na kwa sababu hiyo sitetei pombe nyingi na rahisi. Pombe ya bei nafuu kwa watu wengi tayari imejaribiwa, tena kwa msaada wa serikali. Mwaka 2004 bia ya Senator Keg ilipata nafuu ya kodi ili ivute watu kutoka kwenye chang'aa. Mwaka 2013 kodi ikapandishwa, mauzo yakaporomoka, na mwaka 2015 nafuu ikarudishwa. Wakulima wa mtama walifaidika, na kampuni ikafaidika zaidi. Chang'aa haikuhama. Ninachotetea ni kinyume chake: chupa chache, ghali, zilizopimwa, zinazouzwa mbali na boma la mpikaji kwa watu wenye fedha za kununua ladha. Nairobi kuna Procera, jini inayotengenezwa kwa matunda ya mtarakwa wa Kenya na kuuzwa hadi ng'ambo kama kinywaji cha hadhi. Mama akipata kwa lita kumi zilizopimwa kile anachopata leo kwa lita mia zisizopimwa, atakuwa na sababu ya kupunguza zile zinazoishia kwa vijana wa kijijini. Ukame ukibana, kaunti isimamishe matumizi ya mahindi kwa msimu huo, maana hakuna kinywaji kinachostahili kupewa chakula cha mtoto.

Ama pombe ya busaa, kamalwa ya wazee, ibaki ilivyo. Mtungi unaowakusanya wazee na mirija yao Agosti ya mwaka wa tohara ni mali ya jamii, na sitaki kuuona kwenye rafu ya duka lolote.

Kwa nini tuyazungumze haya sasa? Kwa sababu mgeni anakaribia. Desemba 2025 Diageo ya Uingereza ilitangaza makubaliano ya kuiuzia Asahi ya Japani hisa zake katika EABL, asilimia 65. Kwa hiyo Japani, iliyojifunza wiski kwa Waskoti ikafika kuinunua Beam, inaelekea kumiliki kampuni kubwa ya vileo ya ukanda wetu, Uganda Waragi ikiwamo. Sidai kwamba Asahi inaiwazia Bumula. Nadai kwamba kampuni kubwa inapobadili mikono huanza kutafuta vinywaji vipya, na anayekutwa hajajipanga hupangiwa.

Kujipanga kwenyewe kunawezekana kwa zana zilizopo. Utoaji wa leseni za pombe ni kazi ya kaunti kwa Katiba ya 2010. Sheria ya Alama za Biashara inaruhusu jina la mahali kusajiliwa kama alama ya pamoja, kwa hiyo ushirika wa wapikaji unaweza kulimiliki jina la pombe yao kabla ya mwekezaji kulifikiria. Jina hilo tunalihitaji hata hivyo, kwa kuwa bourbon ni la Wamarekani kisheria na hatuna haja ya kuliazima. Bunge la Kaunti linaweza kuanzisha leseni ndogo ya ushirika, yenye mtambo mmoja wa shaba kwa wapikaji wengi na maabara moja ya kupima kila toleo kabla halijatiwa kwenye chupa. Na linaweza kuandika kwamba mwekezaji yeyote atakayetumia mapishi au jina la Bungoma ataingia kama mbia wa ushirika huo, mpikaji mkuu wa kijiji akiwa na sauti ya mwisho kuhusu ladha pamoja na mtaalamu wa kampuni, kama Noe na Fukuyo.

Kazi ya kwanza haihitaji mwekezaji. Ni daftari la wapikaji, kata kwa kata, kuanzia Kabula hadi West Bukusu, likiwa na ahadi ya maandishi kwamba kujiandikisha hakutatumika kumkamata mtu. Bila ahadi hiyo hakuna mama atakayelitaja jina lake, na asipolitaja hatutakuwa na la kuandika kwenye chupa.