Tanuri la Kemondo liingie darasani

Mwanafunzi wa Mwanza anafundishwa kwamba mpelelezi Mwingereza John Speke alilifikia ziwa letu, Victoria, mwaka 1858. Wangapi wanafundishwa kwamba ng'ambo ya ziwa hilohilo, huko Kemondo na vijiji vya jirani, mababu wa Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,000 kabla yake?

Ushahidi upo. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha uchunguzi wao wa uyeyushaji huo katika jarida la Science. Wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo tangu ujanani walijenga upya tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakajaza shimo majani ya kinamasi yaliyochomwa, wakavukuta. Mirija ya udongo wa mfinyanzi ilipenyezwa hadi ndani ya tanuri, hivyo hewa ilipata moto kabla ya kuufikia mkaa. Joto lilipimwa likapita nyuzi 1,800. Hiyo ni fizikia, tena fizikia hasa.

Tunaitaka Wizara ya Elimu iingize tanuri hili katika masomo ya sayansi, si historia peke yake, na halmashauri zilinde mabaki yake. Meli ya Bukoba hupita Kemondo. Shule zetu zipange ziara.