Mizani ya Mchezaji

Siku moja njia ilitupitisha Matasia, baina ya Ngong na Kiserian katika Kaunti ya Kajiado, tukasimama kutazama vijana wakicheza mpira wa kikapu. Mmoja alitupa mara 20, ukaingia mara 6. Kila ulipoingia, uwanja mzima ulipiga kelele. Mwenzake alitupa mara 8, ukaingia mara 5, wala hapana aliyemtaja. Mwisho mwalimu alimchagua yule wa kwanza kwenda mashindanoni, kwa kuwa ana pointi 12 na mwenziwe ana 10.

Je, hiyo ni haki? Wa kwanza alikosa mara 14, na mingi ya mipira hiyo iliangukia mikononi mwa wapinzani. Wa pili alikosa mara 3 tu. Sote tuliosoma chuoni twaijua Sura ya Al-Mutaffifin na onyo lake kwa wapunjao vipimo. Pishi hupunjwa sokoni, na uwanjani pia hupunjwa.

Wamarekani wamelishughulikia jambo hili kwa bidii. Mwaka 2004 Dean Oliver alitoa kitabu akieleza mambo manne yanayoshindisha timu: kutupa kwa shabaha, kutopoteza mpira, kuudaka mpira uliokosa kikapu, na kupata mitupo ya adhabu. Kisha huangaliwa pia timu imezidi au imepungua kwa pointi ngapi wakati mchezaji fulani yumo uwanjani. Kwa mizani hiyo alijulikana thamani yake Shane Battier wa Houston Rockets. Pointi zake zilikuwa chache, lakini awapo yeye wenziwe hucheza vizuri zaidi, na wapinzani huharibikiwa.

Hata hivyo, hesabu nayo ina mpaka wake. Sisi watunzi twajua kwamba ubeti waweza kutimia mizani zote na vina vyote, na bado usiwe shairi. Mtazameni kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut, msimu wa 2008–09, alizuia mitupo zaidi ya 4 kwa kila mchezo. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika vijana wote, na Stephen Curry akachaguliwa wa saba. Lakini katika ligi kuu wastani wake haukuzidi sana pointi 2 kwa mchezo. Hesabu haikusema uongo. Ilieleza aliyoyafanya mbele ya wanafunzi wenzake, na watu wakaisoma kana kwamba imekwisha kueleza atakayoyafanya mbele ya mabingwa.

Basi shauri letu kwa walimu, wa Matasia na wa Mombasa, ni hili. Hamhitaji mitambo. Daftari moja na kalamu vyatosha: andikeni aliyetupa na aliyekosa, aliyepoteza mpira, aliyedaka, aliyempa mwenziwe akafunga. Kisha mtazameni kijana kwa macho yenu, mjue na tabia yake. Wako watoto ambao nafasi ya timu ndiyo karo yao ya shule, na wengi wao ni wale wanyamavu wasioshangiliwa na mtu. Debe tupu haliachi kuvuma. Msichague kwa mvumo.