Mwalimu wa Sayansi Naye Apewe Mazoezi

Hakuna askari aliyejifunza shabaha kwa kutazama ubao. Kuruti huonyeshwa silaha, huifungua, huisafisha na kuifunga tena mpaka mikono yake iizoee hata gizani. Kisha hupelekwa renji, akafyatua, akaonyeshwa kosa lake, akafyatua tena. Mkufunzi wake naye haachwi na ujuzi wa mwaka aliohitimu. Huitwa chuoni mara kwa mara, akanolewa, akarudishwa kikosini akiwa mkali kuliko alivyoondoka. Kwetu sisi wenye sare jambo hili ni la kawaida mno hata hatulifikirii.

Lakini tuvue sare kwa muda, twende katika shule wanakosoma watoto wetu. Huko twaweza kumkuta mwalimu wa fizikia au wa kemia aliyepewa chaki, kitabu kimoja na darasa lililofurika, akaambiwa afundishe. Tangu alipoagana na chuo chake hapana aliyemwita kumnoa. Leo twataka kumzungumza mwalimu huyo, pamoja na juhudi zilizofanywa katika sehemu yetu ya Afrika ili asiachwe peke yake. Tunaamini kwamba habari zake zinatuhusu sisi askari na polisi kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Mwaka 2005 Serikali ya Uganda ilitangaza kwamba fizikia, kemia na bayolojia yawe masomo ya lazima kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Sisi tunaoandika haya tulikuwa katika umri wa madarasa hayo, na agizo hilo tulilipokea tukiwa tumeketi juu ya mabenchi yale yale. Shule yetu, ambayo hatutaitaja, ilikuwa na maabara yenye kufuli. Tulikariri jinsi rangi ya kimiminika inavyogeuka tindikali inapokutana na alkali, lakini hatukuiona ikigeuka. Siku ya mtihani wa vitendo ndipo wengi wetu tuliposhika bureti kwa mara ya kwanza, na mikono ilitutetemeka kuliko ile ya kuruti anayefyatua risasi yake ya kwanza. Mwalimu wetu hakuwa mvivu. Alifika mapema, aliandika ubao mzima, aliufuta na kuujaza tena. Alitufundisha kama alivyofundishwa yeye.

Miaka kadhaa baadaye tulijiunga na chuo cha makadeti. Tulipopewa ramani na dira, wengi tulizijua kanuni za pembe kwa moyo, lakini tulipofika porini tukashindwa kuzitumia. Mkufunzi alitutazama, akaanza nasi upya kama watoto. Siku ile tulielewa maana ya methali ya wahenga: elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Ndugu zetu wa Kenya waliliona tatizo hili mapema, nao walichukua hatua. Mwaka 1998, kwa ushirikiano na shirika la Japani liitwalo JICA, walianzisha mpango wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari, uliojulikana kwa jina la SMASSE. Ulianza kwa majaribio katika wilaya chache, na tangu mwaka 2003 ukaenezwa nchi nzima. Kutokana na kazi hiyo kikapatikana kituo maalumu kiitwacho CEMASTEA, kilichopo Karen, Nairobi, ambacho kazi yake ni kuwapa walimu mafunzo wakiwa kazini.

Askari yeyote atautambua mara moja utaratibu wa mpango huo. Wakufunzi wa taifa huwafundisha wakufunzi wa wilaya. Wakufunzi wa wilaya huwafundisha walimu wenzao wakati wa likizo. Walimu hurudi madarasani na kuwafundisha wanafunzi. Ni mnyororo wa amri, ila kinachoteremka ngazi kwa ngazi ni ujuzi. Tena mkufunzi wa wilaya ni mwalimu halisi mwenye darasa lake mwenyewe. Ukimweleza kwamba jambo fulani haliwezekani mbele ya watoto themanini, naye ana watoto themanini wanaomngoja.

Mafundisho yenyewe yana nguzo mbili. Ya kwanza yasema kwamba somo lazima liwe na shughuli, limweke mwanafunzi katikati, liwe na jaribio, na vifaa vikikosekana mwalimu atumie vilivyo karibu naye. Ya pili yasema: panga, fanya, tazama, boresha. Mwalimu hupanga somo lake, hulifundisha, mwenzake huketi nyuma ya darasa akilitazama, kisha wote wawili hukaa chini na kulisahihisha. Sisi tuliopitia mazoezi ya medani tunajua kwamba operesheni haikwisha mpaka kamanda amewakusanya watu wake na kuwauliza: tulipanga nini, tulifanya nini, tulikosea wapi? Mwalimu wa kijijini alikuwa hana wa kumwuliza maswali hayo. Sasa anaye.

Mwaka 2001 mataifa kadhaa ya Afrika yalikutana Nairobi, yakaunda umoja wa kueneza njia hii. Uganda ilianzisha mpango wake, uitwao SESEMAT, mwaka ule ule wa 2005 ambapo masomo ya sayansi yalifanywa ya lazima, na mwaka 2008 ukaanza kuenezwa nchi nzima. Wakufunzi wetu walivuka mpaka kwenda kusoma Kenya, kama maafisa wetu wanavyovuka mipaka kwenda kusoma katika vyuo vya kijeshi vya majirani.

Wataalamu wakubwa nao hawakubaki juu ya viti vyao. Huko Ufaransa mwaka 1996, Georges Charpak, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1992, aliishawishi Akademia ya Sayansi ya nchi yake iingie katika madarasa ya shule za msingi na kumsaidia mwalimu kufundisha kwa vitendo. Wazo hilo limeenea katika mabara mengi. Bara letu nalo lina Akademia ya Sayansi ya Afrika, iliyoundwa mwaka 1985 chini ya urais wa Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya bingwa wa elimu ya wadudu, na makao yake yakawa Nairobi. Mwaka 2001 ukaundwa pia mtandao wa akademia za sayansi za Afrika, na kufundisha sayansi kwa njia ya uchunguzi ni miongoni mwa mambo uliyoyashughulikia. Jenerali anaposhuka uwanjani kumtazama kuruti akichuchumaa matopeni, hapotezi cheo chake. Vivyo hivyo profesa anayeketi na mwalimu wa shule ya msingi.

Pengine msomaji atauliza: jaribio bila vifaa hufanywaje? Tutoe mifano. Ua jekundu la hibiskasi, ambalo limepandwa mbele ya ofisi nyingi za kambi zetu, likichemshwa hutoa maji yenye rangi. Ukiyatia ndimu hugeuka mekundu. Ukiyatia maji ya majivu huelekea kijani. Mtoto ameiona tindikali, ameiona alkali, na hapana senti iliyotumika. Bureti ikikosekana, bomba la sindano lisilo na sindano lina alama za mililita ubavuni, nalo laweza kupima kimiminika vizuri.

Mfano mwingine ni wetu kabisa. Kila askari mzoefu huona mmweko wa mzinga wa mbali, akahesabu sekunde mpaka aufikie mshindo, akakadiria umbali. Sauti hupita hewani kwa kasi ya kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Mwalimu aweza kumweka mwanafunzi mmoja mwisho wa barabara iliyonyooka, mita 340 kutoka kwa wenzake, akagonganisha mbao mbili juu ya kichwa chake. Wenzake wataziona zikigongana kwanza, kisha watasikia. Baada ya siku hiyo hapana atakayehitaji kukaririshwa kwamba mwanga ni mwepesi kuliko sauti.

Tunazijua hoja za wanaopinga. Wapo wasemao kwamba kutumia vifaa vya kubuni ni kuuhalalisha umaskini, na kwamba Serikali itajificha nyuma ya maua na mbao isijenge maabara. Hoja hii si ya kupuuzwa. Sisi twajibu hivi: kuruti huanza gwaride kwa bunduki ya mti, lakini hakuna kamanda atakayempeleka vitani nayo. Bunduki ya mti humfundisha nidhamu ya mkono mpaka silaha halisi ifike, na silaha halisi lazima ifike. Maabara ni lazima. Lakini tumeona pia maabara zenye vifaa vipya ndani ya maboksi ambayo hayajafunguliwa, kwa sababu mwalimu anaogopa kuvivunja. Silaha iliyo mikononi mwa asiyefundishwa ni chuma tu.

Wengine husema kwamba dawa ya mwalimu ni mshahara. Ni kweli kwamba mwenye njaa hafundishi vizuri, na Serikali ililitazama jambo hilo. Katika mwaka wa fedha wa 2022/23 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipandishwa ukafika shilingi milioni 4 kwa mwezi. Walimu wa masomo mengine walinung'unika, wakagoma, na malalamiko yao yana uzito wake. Lakini mshahara humleta mwalimu darasani. Haumfundishi namna ya kufundisha. Aliyekuwa akikaririsha kwa mshahara mdogo, asipopewa mazoezi, atakaririsha kwa mshahara mkubwa.

Hoja ya tatu ni ya wale wasemao kwamba semina za walimu ni posho na chai. Zikiishia ukumbini, wanasema kweli. Ndiyo maana lile neno la tatu, tazama, ni la lazima. Mwalimu akishafundishwa, afuatwe darasani. Tena lazima gharama ya kumfuata ibebwe na sisi wenyewe, kwa maana msaada wa mgeni una mwisho wake.

Sasa tufike kwetu. Mtoto wa askari hana shule moja. Leo baba yuko Gulu, mwaka ujao Moroto, mwaka wa tatu Mbarara. Mama polisi huhamishwa wilaya moja hadi nyingine, na mtoto hufuata na sanduku lake. Kila anapofika hukuta mwalimu mwingine mwenye njia nyingine. Palipoachwa kule hapaunganiki na panapoanzwa huku. Kama walimu wote wa nchi wamepitia mafunzo ya namna moja, mtoto atakayepata faida kubwa kuliko wote ni huyu anayehamahama. Tangu Machi 2007, majeshi yetu yalipoingia Mogadishu, wazazi wengi wamekuwa mbali na watoto wao kwa miezi mingi mfululizo. Katika miezi hiyo ni nani huketi na mtoto huyo akamweleza ulimwengu? Ni mwalimu.

Kwa hiyo tuna maombi matatu. La kwanza ni kwa makamanda. Mwalimu wa shule ya kambini anapoitwa katika mafunzo ya kazini, aruhusiwe, tena apewe usafiri ikiwezekana. Na kwa kuwa shule nyingi za kambini ni za msingi, ilhali mpango wetu ulianzia sekondari, tunawaomba wahusika waziangalie shule hizo kwa jicho la pekee. Kenya ilikwisha kuwaingiza walimu wa shule za msingi katika mpango wake tangu mwaka 2009, nasi tusichelewe.

La pili ni kwa vikosi vya ufundi. Wahandisi, watu wa mawasiliano, waganga wa jeshi na wataalamu wa uchunguzi wa polisi wana sayansi iliyo hai mikononi mwao. Mara moja kwa muhula wawakaribishe walimu na wanafunzi kwa utaratibu unaokubalika, wawaonyeshe jinsi injini inavyopumua na jinsi alama ya kidole inavyochukuliwa. Nyaya, sumaku na lenzi zilizokwisha kufutwa vitabuni kwa kufuata sheria, zipelekwe shuleni badala ya kuoza ghalani.

La tatu ni kwa kila askari na polisi aliye mzazi. Ukienda likizo, usiulize nafasi ya mtoto darasani peke yake. Mwulize: muhula huu umeshika nini kwa mikono yako? Umekiona nini kikigeuka mbele ya macho yako? Asipokuwa na jibu, nenda shuleni kwa heshima, ukae na mwalimu wake, umwulize anahitaji nini. Usiende kumgombeza, huenda anapigana peke yake kwa muda mrefu.

Sisi tulifunguliwa ile maabara yenye kufuli siku ya mtihani. Watoto wetu wafunguliwe mapema zaidi, na anayeshika ufunguo awe ni mwalimu aliyefundishwa, asiyeogopa kuutumia.