KAZI YA FEDHA SI DIRISHA LA BENKI TU

Kila mwaka vyuo vya Mbeya na Iringa hutoa vijana waliosomea uhasibu na usimamizi wa fedha. Wengi wao hupeleka barua za maombi mahali pa namna moja tu, nayo ni mabenki makubwa ya mjini. Wasipojibiwa, husema hakuna kazi. Sisi tunaona kuwa fikra hiyo haina budi kubadilika.

Mazoea hayo yana historia yake. Baada ya Azimio la Arusha, mwezi Februari 1967, mabenki yalitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Bima nayo ikawa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa. Kwa zaidi ya miaka 20, aliyetaka kazi ya fedha alijua kwamba mwajiri ni umma. Sheria ya mwaka 1991 ikayafungulia mlango mabenki ya watu binafsi, na mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara yenyewe ikagawanywa, ndipo NMB ilipozaliwa. Waajiri wakaongezeka, lakini fikra zetu zikabaki pale pale.

Kila mwajiri ana matakwa yake. Benki Kuu, yenye tawi Mbeya, hutaka mtu wa kanuni na ukaguzi. Benki ya biashara humpima mtumishi kwa amana alizoleta na mikopo iliyorejeshwa. Kampuni ya bima hutaka ajuaye kupima hasara. Chama cha akiba na mikopo, ambacho Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imekiweka daraja la tatu, hutaka mtu atakayeandika vitabu asubuhi na jioni amfuate mkulima shambani.

Hapo ndipo penye haja kubwa. Mwezi Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki 5 kwa upungufu mkubwa wa mtaji, mojawapo ikiwa Benki ya Wananchi wa Njombe, wilaya iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012. Pigo hilo latufundisha kwamba chombo cha wananchi hakiishi kwa jina zuri. Chahitaji mtaji, na chahitaji watu wawezao kuona hatari katika hesabu kabla haijafika mlangoni.

Kwa hiyo twawaambia vijana: msikidharau chama cha akiba na mikopo kwa kuwa ofisi yake ni chumba kimoja. Na viongozi wa vyama twawaambia: kiti cha mhasibu kisigawiwe kwa undugu. Kitangazwe, kishindaniwe, na anayekikalia alipwe mshahara wa haki. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali inayozungumzwa hapa ni jasho la mkulima wa Rungwe na Mufindi, na mwenye kulishika daftari hilo anafanya kazi ya heshima.