Dereva wa lori, ukihama kampuni unaondoka na nini?

Kutoka Bandari ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi ni karibu kilomita 2,000. Katikati kuna mizani ya Vigwaza, mlima wa Kitonga, boda ya Tunduma, Zambia nzima, halafu foleni ya Kasumbalesa. Anayeendesha lori njia hiyo leo akiwa na nembo ya kampuni moja mlangoni, usishangae ukikutana naye mwaka kesho Makambako akiwa kwenye gari la tajiri mwingine.

Kuhama ni jambo la kawaida sana kwenye kazi hii. Wenye malori wanalalamika kwamba madereva hawatulii. Madereva wanasema matajiri ndiyo wanaowafukuza kwa vitendo, hata kama hakuna barua iliyoandikwa. Nani yuko sahihi? Ukipiga hesabu vizuri utaona kosa liko kwenye namna dereva anavyolipwa.

Pesa iko kwenye tripu

Kipato cha dereva wa masafa kina sehemu mbili. Kuna mshahara wa msingi, ambao mara nyingi ni mdogo. Halafu kuna pesa ya safari, ile ambayo wengine wanaiita mileji. Hiyo ya pili ndiyo inayolipa ada ya watoto na kodi ya nyumba.

Sasa angalia sheria inalinda ipi. Kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kiinua mgongo kinahesabiwa kwa mshahara wa msingi: siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Pesa ya safari haimo.

Tuchukue mfano wa kupigia hesabu tu. Dereva ana mshahara wa msingi wa shilingi 400,000 kwa mwezi, sawa na kama shilingi 15,400 kwa siku ya kazi. Akikaa miaka 10 kisha kampuni ikampunguza, kiinua mgongo ni siku 70. Hapo anapata kama milioni moja na elfu themanini hivi, kwa miaka kumi ya kulala kwenye kabini.

Halafu anakuja mtu anamwambia, njoo kwangu, nakuongezea laki moja kila tripu. Akipiga tripu mbili kwa mwezi, ndani ya miezi sita ameshaipita hiyo pesa ya miaka kumi. Utamwambiaje huyu mtu avumilie?

Tena akiacha kazi mwenyewe, kiinua mgongo hapati kabisa, kwa sababu sheria inakitoa pale ambapo mwajiri ndiye aliyevunja ajira. Kwa hiyo uaminifu unalipwa kidogo, na hicho kidogo hakina uhakika. Dereva anayehama ana akili zake timamu. Amesoma tu bei iliyobandikwa.

Laki moja inayodanganya

Lakini kuna mtego. Madereva wengi wanalinganisha pesa ya tripu moja na tripu moja, wakati cha kulinganisha ni mwezi mzima.

Kampuni A inatoa 500,000 kwa tripu, na ina mzigo wa uhakika wa kwenda na wa kurudi. Unapiga mbili kwa mwezi, unapata milioni moja. Kampuni B inatangaza 700,000, ila gari linakaa wiki mbili bandarini likisubiri mzigo, na likishusha Kolwezi linasubiri tena shaba ya kurudi nayo. Unapiga moja. Umehama kutoka milioni kwenda laki saba, na jina la kampuni ni kubwa kweli.

Boda nazo haziangalii kampuni gani inalipa vizuri. Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa sababu ya korona, madereva wakakwama. Agosti 2024 Zambia ikafunga mpaka wake na Congo hapo Kasumbalesa kwa siku chache kutokana na mgogoro wa biashara. Siku kama hizo, anayelipwa kwa tripu ndiye anayebeba hasara. Gari limesimama, pesa imesimama, kula unakula.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza bosi mpya ni hili: gari likikaa foleni siku kumi, mnalipa nini? Kama jibu ni kimya, umeshajibiwa.

Miezi sita ya kutembea bila kinga

Hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Sheria hiyohiyo ya 2004 inamlinda mfanyakazi asiachishwe kazi kwa uonevu. Lakini kinga hiyo haimhusu mtu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyohuyo. Likizo ya mwaka yenye malipo, ambayo ni siku 28, nayo kwa kawaida haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita.

Maana yake nini? Kila ukihama, saa inarudi sifuri. Dereva aliyebadilisha kampuni tatu ndani ya mwaka mmoja na nusu anaweza kuwa ameutumia karibu wote akiwa hana kinga ya kwenda kudai kwamba ameonewa. Ana uzoefu wa miaka 15 barabarani, lakini mbele ya sheria, kwa kampuni ile, ni mgeni.

Na miezi ya mwanzo ndiyo yenye hatari zaidi. Gari hulijui. Mafuta yakipungua unahisiwa wewe. Tairi likipasuka unaambiwa utalilipa.

Hapo kwenye kulipishwa pia kuna utaratibu. Mwajiri hawezi tu kuamka na kukata. Ni lazima uharibifu uwe umetokea kazini kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu na kiasi, akupe nafasi ya kujitetea, na makato ya namna hiyo yasizidi robo ya ujira wako. Kuzuiliwa mshahara wote kwa ajili ya tairi siyo utaratibu.

Michango iliyobaki njiani

Kitu kingine kinachopotea kwenye kuhama ni NSSF. Michango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Ili upate pensheni ya uzee unatakiwa uwe umechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15.

Kuhama kampuni hakufuti michango. Namba yako ya uanachama inakufuata. Kinachoua ni kampuni iliyokukata na isipeleke, halafu wewe ukagundua ukiwa umeshaondoka zamani na hata ofisi yao imehama. Dereva mwenye waajiri sita ana sehemu sita za kukagua. Mwenye mmoja ana moja.

Halafu kuna wale wa deiwaka. Huyu anashika gari la mwenzake kwa tripu moja, analipwa mkononi, hakuna karatasi. Anaweza kuendesha miaka kumi na NSSF isimjue kabisa. Akiumia akiwa kazini, kudai fidia kunakuwa kazi nyingine, maana cha kwanza atakachoulizwa ni kama alikuwa ameajiriwa na nani.

Mashariki mwa Congo tumeshaona hatari yenyewe. Septemba 2016 madereva wa Kitanzania walitekwa na waasi eneo la Namoya, malori yakachomwa moto, kabla ya wao kuachiwa. Kwa safari ya namna hiyo, mkataba ndiyo ushahidi kwamba kuna mtu anawajibika kwako.

Kwa nini matajiri hawashtuki?

Unaweza kudhani kampuni zingeogopa kupoteza madereva. Gari moja na trela lake ni mamilioni mengi ya shilingi, na mzigo wa shaba ni zaidi ya hapo. Kumkabidhi mgeni kila baada ya miezi minane siyo biashara nzuri.

Lakini gharama ya kuhamahama haionekani kwenye karatasi moja. Inajificha kwenye klachi iliyoungua, mafuta yaliyozidi, ajali. Mshahara wa msingi mkubwa unaonekana kila mwezi. Kwa hiyo mwenye gari anaukwepa huu unaoonekana na kuulipa ule uliojificha, kisha anasema madereva wa siku hizi hawafai.

Hili halikuanza jana. Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima. Moja ya hoja kubwa ilikuwa mikataba ya ajira. Wengine walikuwa wakipinga kulazimishwa kurudi darasani kila wanapohuisha leseni. Serikali iliunda kamati. Zaidi ya miaka kumi baadaye, bado kuna dereva anayeingia Zambia na mzigo wa mamilioni bila nakala ya mkataba mfukoni.

Upepo unaokuja

Septemba 2024, jijini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilisaini makubaliano ya kuifufua reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. SGR nayo inasonga. Treni haitamaliza malori, maana mzigo lazima ufike mgodini na ghalani. Lakini shaba na makontena yakihamia relini kwa wingi, tripu ndefu zitapungua.

Ikifika hapo, dereva mwenye rekodi safi na karatasi zake zote ndiye atakayechaguliwa. Mwenye stori tu za kijiweni atabaki na stori.

Kabla hujarudisha ufunguo

Kama umeamua kuhama, hama. Ila:

• Toa notisi kwa maandishi. Kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Ukiondoka ghafla, mwajiri ana haki ya kukata pesa ya muda huo kwenye malipo yako.

• Dai cheti cha utumishi na malipo ya likizo ambayo hujachukua. Ni haki yako hata kama umeacha mwenyewe.

• Kabidhi gari kwa maandishi: mafuta, tairi, spea, hali ya trela. Wote wawili mtie saini, upige picha.

• Angalia michango yako ya NSSF kabla hujaaga.

• Kwa bosi mpya, omba kuongezewa mshahara wa msingi kwanza, pesa ya tripu baadaye.

• Ukiona umeachishwa kwa uonevu, una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Madai mengine ni siku 60. Ukitoka tripu mbili kabla hujaenda, muda unaweza kuwa umekwisha.

Hiyo ya mshahara wa msingi ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo yenye maana. Alimradi pesa ya dereva inakaa kwenye tripu, ataendelea kuifuata tripu popote ilipo. Tajiri anayetaka dereva atulie anajua pa kuanzia.