Seli Shina Si Unga wa Pakiti



Baada ya sala ya Jumuiya katika kijiji kimoja kati ya Kibondo na Kasulu, mama mmoja alisubiri wenzake waondoke. Mtoto wake ana selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyosema. Mwanajumuiya mwenzake alikuwa amemletea pakiti za unga wa "seli shina", akamwambia mtoto atapona kabisa na kliniki haitahitajika tena. Bei yake ilikuwa sawa na magunia mawili ya maharage. Mama aliuliza mambo mawili: Je, ni kweli? Na je, Kanisa linaruhusu?

Nilikimbilia swali la pili, nikalijibu vibaya. Nilisema Kanisa halitaki mambo ya seli shina. Kosa hilo ndilo linalonifanya niandike, maana najua si mimi peke yangu mwenye jibu hilo mdomoni.

Kanisa linachokataa ni kuangamiza kiinitete cha binadamu ili kupata seli zake. Hati ya Dignitas Personae ya mwaka 2008 inaeleza kwamba kuchukua seli shina kutoka kwa mtu mzima, au katika damu ya kitovu wakati wa kuzaliwa, ni halali mradi anayetoa asidhurike vibaya. Novemba 2011, Papa Benedikto XVI aliwapokea Vatikani watafiti wa seli shina za watu wazima na kuutia moyo utafiti wao. Hapa nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Uloto wa ndugu anayefanana naye unampa mtoto seli shina za kutengeneza damu mpya. Hilo nalo ni tendo la upendo wa kindugu.

Sasa swali la kwanza. Ipo aina nyingine ya seli shina inayopatikana katika uloto, mafuta ya mwili na kitovu. Zamani wataalamu walidhani inaponya kwa kugeuka nyama mpya. Baadaye waliona kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanywa na vile inavyovitoa: vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa darubini ya kawaida, vilivyobeba protini na ujumbe wa kijenetiki. Vifuko hivyo vinapofika kwenye seli za kinga, vinaweza kuzituliza pale zinapoushambulia mwili wenyewe.

Watafiti wamejifunza pia kuziandaa seli hizo kabla ya kuvuna vifuko. Huzipunguzia oksijeni, au huziwekea interferoni gama, ishara ambayo mwili hutoa unapopambana na maradhi. Seli iliyoonjeshwa vita namna hiyo huweza kutoa vifuko vyenye uwezo mkubwa zaidi wa kutuliza kinga.

Ni kazi ya matumaini, lakini bado ni kazi ya maabara na majaribio. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza tiba ya seli za aina hii, tena kwa kundi dogo tu: watoto waliopandikizwa, wakashambuliwa na kinga ya aliyewachangia, na dawa za kawaida zikashindwa. Kuhusu vifuko vyenyewe, mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilionya kwamba hakuna bidhaa yake iliyoidhinishwa, baada ya wagonjwa katika jimbo la Nebraska kudhurika.

Linganisha na pakiti ile. Seli shina hai huhifadhiwa katika baridi kali, hata nyuzi 196 chini ya sifuri. Haziwezi kukaa hai ndani ya unga mkavu kwenye kabati, na zikimezwa tumbo huzisaga kama ugali. Lililo baya kuliko fedha kupotea ni mtoto kuachishwa kliniki na dawa ya haidroksiyurea inayompunguzia maumivu makali. Tunakumbuka Loliondo mwaka 2011: kikombe kiliuzwa shilingi 500 tu, lakini wapo walioacha dawa za kufubaza virusi, wakalipa kwa uhai.

Injili ya Marko inamkumbuka mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, akatumia mali yake yote asipate nafuu. Yesu hakumlaumu kwa kutafuta. Nasi tusimlaumu mama huyu, wala tusimtangaze altareni mwenzake aliyemuuzia. Huenda naye alidanganywa.

Waseminari wenzangu, tutaulizwa maswali haya kabla hata ya upadre. Tusitumie maadili kuficha kutojua kwetu. Tukiletewa dawa mpya, tuulize: imetoka wapi, nani ameiidhinisha, na je, inamtaka mgonjwa aache matibabu? Kisha tumsindikize mgonjwa hospitalini, iwe Kabanga au ya wilaya. Na viongozi wa Jumuiya wasiruhusu sala igeuzwe soko.

Nilirudi kwa yule mama, nikamwomba radhi na kumweleza haya. Alisikiliza kimya, kisha akauliza kliniki ni siku gani. Tulikwenda pamoja.