Wafalme bandia: kwa nini watu huwaamini?

Mwezi Juni mwaka 1605, kijana mmoja aliingia mjini Moscow, Urusi, akishangiliwa na umati. Alisema yeye ni Dmitry, mtoto wa mfalme Ivan wa Nne. Lakini Dmitry alikuwa amefariki dunia mwaka 1591, akiwa na umri wa miaka 8.

Mwezi uliofuata kijana huyo alitawazwa. Hata mama mzazi wa Dmitry alimtambua hadharani kuwa ni mwanawe. Mwezi Mei 1606 aliuawa, na mama huyo huyo akasema hakuwa mwanawe. Baada yake akajitokeza Dmitry mwingine, kisha wa tatu.

Je, Warusi walikuwa wajinga? Hapana. Kati ya 1601 na 1603 njaa kali iliua watu wengi sana nchini humo. Mfalme aliyekuwepo, Boris Godunov, alilaumiwa, na uvumi ulisema ndiye aliyeamuru mtoto Dmitry auawe. Mabwana wa Poland nao waliona faida, wakampa kijana huyo askari. Wananchi walitaka nafuu, wakubwa walitaka madaraka, na yeye akawapa wote jina la kusimama nyuma yake.

Karibu na kwetu

Nchini Rwanda, mwaka 1896, Mfalme Rutarindwa alipinduliwa huko Rucunshu na kufa, na kiti kikaenda kwa ndugu yake, Musinga. Miaka 15 hivi baadaye, kaskazini mwa nchi, akatokea mtu aitwaye Ndungutse, akidai kuwa ni mwana wa Rutarindwa.

Wakulima wengi walimfuata. Walikuwa wamechoshwa na uburetwa, yaani kazi ya lazima kwa machifu, na Ndungutse aliahidi kuifuta. Kwa mtu aliyelemewa na mzigo, swali la nani alimzaa Ndungutse lilikuwa dogo kuliko ahadi hiyo. Mwaka 1912 majeshi ya Wajerumani, waliokuwa wakimuunga mkono Musinga, yalimuua, na vijiji vya waliomfuata vikaadhibiwa vikali.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Anayedai kiti hucheza na maisha yake mwenyewe, lakini gharama huwaangukia pia waliomwamini.

Sayansi ilipoingia

Mwaka 1918 familia ya mfalme wa mwisho wa Urusi iliuawa kwa risasi na miili ikafichwa. Miaka miwili baadaye, mwanamke mmoja aliokolewa majini mjini Berlin, na baada ya muda akaanza kutajwa kuwa ni Anastasia, binti wa mfalme huyo. Akajulikana kama Anna Anderson. Kesi yake nchini Ujerumani ilidumu miaka mingi bila kuthibitisha lolote. Alifariki Marekani mwaka 1984, na miaka 10 baadaye kipimo cha DNA kikaonyesha hakuwa na undugu na familia hiyo. Vipimo vilimhusisha na ukoo wa mfanyakazi wa kiwandani kutoka Poland.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa zaidi ya miaka 60.

Je, leo?

Siku hizi kujifanya mkubwa hakuhitaji jeshi. Simu inatosha. Ujumbe huja ukiwa na picha ya kiongozi, wakati mwingine na sauti inayofanana na yake, ukiahidi mkopo, ajira au mbolea ya bei nafuu, mradi utangulize "ada ya usajili".

Mbinu ni ile ile ya zamani: shida uliyonayo, jina kubwa unaloliheshimu, na jambo ambalo huwezi kulihakiki ukiwa mbali. Kwa hiyo kabla ya kutuma hata shilingi, jiulize: nani anafaidika nikiamini? Nani ninayemfahamu amethibitisha? Ofisi ya kijiji ina taarifa hiyo? Ukiambiwa ufanye haraka na usimwambie mtu, hapo simama.